Maoni ya Fundi Friji Kuhusu Pepo

Katika banda la video la mtaa ule, filamu haikuisha pale maandishi yalipoanza kupanda kwenye skrini. Iliisha pale Fundi Friji alipotoka nje, akajinyoosha mgongo, akapangusa miwani kwa pindo la shati na kusema neno. Kabla hajasema, hakuna aliyejua kama amefurahi au ameibiwa. Watu walibaki wakimzunguka, wengine wakijifanya wanafunga kamba za viatu, na viatu vyenyewe ni kandambili.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu, lakini cheo chake kilikuwa benchi la mbele. Alilikalia tangu banda likiwa na runinga ya kichogo. Akisema filamu ni mbovu, kesho yake viti hulaliwa na kuku. Akisema ni nzuri, watu huja na viti vyao kutoka nyumbani.

Jumamosi hiyo ilikuwa filamu ya kutisha, ya kupunga pepo. Msichana mmoja katika jumba kubwa huingiwa na pepo, mama yake analia, madaktari wanashindwa, mwisho anaitwa padri mzee mwenye mkoba mweusi.

"Tuanze na nyumba," Fundi Friji akasema. "Nyumba ina vyumba hata wenyewe hawavijui idadi. Wanaoishi humo ni watu watatu. Sasa pepo asihamie kwa nini? Hata mimi ningehamia."

Watu wakacheka.

"La pili. Taa zipo, swichi zipo, umeme haujakatika, lakini kila mtu anatembea gizani na mshumaa. Anatafuta nini? Anamtafuta pepo! Akimpata, analia. Ulimtafuta wa nini?"

"Sema, Fundi!"

"Halafu yule mama. Anasikia mwanawe anaongea kwa sauti ya mzee wa miaka mia saba, haiti hata jirani mmoja. Hapa kwetu mtoto akikohoa mara mbili, mtaa mzima uko mlangoni. Kile kichwa kinachozunguka nimekiona, ni cha plastiki, shingo ina mshono. Sasa nije kwa padri."

Nyuma ya pazia, ndani ya banda, mwanamume mmoja aliacha kukunja waya wa maiki. Huyo aliitwa Ngurumo, na ndiye aliyekuwa mtafsiri. Filamu zilikuja na lugha za watu. Yeye aliketi kando ya skrini akazigeuza Kiswahili papo hapo. Lugha zenyewe hakuijua hata moja. Alisoma nyuso tu, akatia maneno. Kuna siku alitafsiri filamu ya Kichina tangu mwanzo hadi mwisho, na mtu aliyekijua Kichina akaja kumshika mkono, akasema hii ya kwako ina maana kuliko ile yao. Katika filamu hii ya pepo, Ngurumo alikuwa padri, alikuwa daktari, na mbwa aliyebweka uani alikuwa yeye. Msichana, mama mtu, na pepo alikuwa mkewe.

"Padri ni padri," Fundi Friji akasema kule nje. "Kavaa kanzu, kasema toka, pepo katoka. Kazi ya mshahara. Lakini yule pepo!" Akavua miwani kabisa. "Jamani, yule pepo! Mimi nimeona mapepo mengi kwenye benchi lile. Kuna wanaobweka. Kuna wanaokoroma kama kompresa iliyoishiwa gesi. Huyu hakupiga kelele. Aliongea polepole, kama mtu anayekujua. Aliposema, 'Nimekaa humu siku nyingi na hamkuniuliza hata jina,' nywele zilinisimama mpaka za puani. Pepo yule angeniambia nimfuate, ningeuliza tu nibebe nini."

Ngurumo alisubiri. Sifa za watu, alijiambia, huja kwa zamu. Nje wakaanza kuigiza kicheko cha pepo, mmoja baada ya mwingine, sauti zikienda zikififia barabarani. Zamu yake haikuja.

"Umesikia?" akamuuliza mkewe.

"Nini?"

"Huyo mtu wa majokofu."

"Nilikuwa nakunja mtandio."

Aliongopa. Alisikia kila neno, na lile la nywele za puani alilisikia mara mbili, kwa masikio na kwa moyo. Yeye alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani kwake, mdomo umejaa pini na vifungo, ndiyo maana mtaa ulimwita Mama Vifungo. Mtu mwenye pini mdomoni haongei sana. Ngurumo alipomwoa alijigamba kwa wenzake kwamba amepata mwanamke mtulivu. Hakujiuliza maneno yote yale yanahifadhiwa wapi.

Pale bandani kiti cha mtafsiri kilikuwa kimoja na maiki moja. Mume alikalia kiti. Mke alikalia kreti la soda, na zamu ya mwanamke ikifika, Ngurumo humsogezea maiki mdomoni bila kuiachia, kama anayemnywesha mgonjwa dawa, kisha huivuta haraka isije ikaisha.


Jioni, chakula kikiwa mezani, Bibi, mama yake Ngurumo, ambaye aliishi nao na masikio yake yalifika mbali kuliko miguu, aliweka kijiko chini.

"Mkwe wangu, leo kwa muuza mkaa nimepewa kiti. Nimeulizwa, wewe ndiye mama mkwe wa pepo? Nikasema ndimi. Nikapanguziwa kiti."

"Hukuulizwa kama wewe ni mama wa mtafsiri?" Ngurumo akauliza.

"Hilo wanalijua siku zote, mwanangu. Na siku zote nasimama."

Ngurumo akasukuma sahani. "Filamu ile nimeibeba mimi. Padri mimi. Daktari mimi. Mbwa mimi."

"Mbwa alikuwa mzuri," Mama Vifungo akasema.

Wiki nzima ile hakuna kilichomuuma Ngurumo kama sifa ya mbwa.

"Sauti ile uliitoa wapi?" akauliza.

"Ipi?"

"Ya pepo. Miaka yote tunalala kitanda kimoja, hujawahi kuniongelesha kwa sauti ile."

"Hujawahi kuwa padri."

Bibi akachekea ndani ya kikombe, chai ikampalia.

"Sauti haitoki hewani," Ngurumo akasema. "Kuna mtu kakufundisha."

Wanawake walipokuwa wanaosha vyombo, Ngurumo alikwenda uani, akainama kwenye ndoo tupu, akajaribu. Alivuta pumzi ya tumboni, akalegeza koo, akasema ndani ya ndoo, "Nimekaa humu siku nyingi." Jirani akachungulia juu ya ukuta akauliza mbuzi amekwama wapi, aje asaidie kumtoa.


Sifa zikakua. Bombani wanawake walimsogeza Mama Vifungo mbele ya foleni, wakimwambia, "Pita, Pepo, usije ukatuzungusha vichwa." Watoto walimfuata wakimwomba acheke kidogo tu, wakimbie. Naye, ambaye zamani alipita njiani kama kivuli cha mtu mwingine, alianza kusimama. Akisimama, watu husimama.

Halafu kukawa na suruali.

Fundi Friji alileta suruali ya kijivu ipunguzwe. Ikapunguzwa. Akairudisha, akasema bado inaburuta. Ikapunguzwa. Akairudisha tena. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na Ngurumo sasa alikiona kwa macho, kiko kwenye pindo la suruali ya mtu, kinapanda taratibu kuelekea magotini. Siku alipomkuta Fundi barazani kwa mara ya tatu, soksi zake zote zilikuwa hadharani, na moja ilikuwa na tundu.

"Fundi," akamwambia, "mguu unakua, au suruali inasinyaa?"

"Aa, mtaalamu! Karibu. Nilikuwa nampa shemeji maoni."

"Maoni siku hizi unayatoa kwenye baraza za watu?"

"Inategemea na filamu," Fundi Friji akasema, akaaga haraka, hatua fupi fupi, kama suruali ndiyo inayomwongoza.

Mama Vifungo alikuwa ameinamia cherehani, pini mdomoni. Midomo ilikuwa imefungwa, lakini macho yalicheka. Kicheko kile ndicho kilichomwasha Ngurumo. Angecheka kwa mdomo, labda angemezea.

"Anataka nini huyu?"

Mkewe akatema pini kiganjani, moja moja. "Kupunguziwa suruali."

"Imebaki nini cha kupunguza? Akija tena utampima kaptula!"

"Muulize mwenyewe."

"Nakuuliza wewe. Tangu akusifu, umekuwa mtu mwingine. Unacheka. Unaimba ukishona. Hata hiyo cherehani inakimbia tofauti, naisikia."

"Kama umeisikia, basi ni mara ya kwanza."

"Basi toka! Toka umfuate huyo anayekusikia!"

Lilitoka kwa ile sauti yake ya bandani, na bati za nyumba zikalijibu. Chumbani, kikombe cha Bibi kikagonga kisahani. Mama Vifungo aliangalia mlango, kisha akamwangalia mumewe. Hakupandisha sauti.

"Leo nimelisikia. Leo mtu anaweza kuwa kakosea. Ukilirudia mbele yangu, nitalitii. Nami nikitii jambo, unanijua."

Alimjua. Kuna mwaka aliamua kuacha sukari kwenye chai. Hakuigusa tena hata kwenye harusi ya mdogo wake, walipomwambia anawatia mkosi.

Bibi akajivuta mpaka mlangoni. "Omba radhi, mwanangu."

"Aombe yeye kwanza."

"Yeye kakosa nini?"

"Kasifiwa!" likamponyoka.

Hapo angeweza kucheka na mambo yakaisha. Lakini mwenye wivu hupenda radhi ianzie kwa mwenzake, na mwenzake alikuwa amesharudisha pini mdomoni. Tangu hapo alimjibu kwa "mm" tu. Kesho yake sanduku lililokaa uvunguni tangu siku ya ndoa lilitolewa, likapanguswa vumbi, likawekwa karibu na mlango, pembeni ya cherehani. Hakuna aliyelitaja. Kila aliyepita alilikwepa kama mbwa aliyelala.


Kwenye ubao wa nje ya banda, mahali ambapo siku zote paliandikwa NGURUMO ANATAFSIRI, Mwenye Banda aliandika kwa herufi kubwa kama milango: JUMAMOSI KWA MARA NYINGINE! PEPO MWENYEWE! Chini kabisa, kwa herufi ndogo zilizobanana na fremu, iliandikwa: na Ngur.

"Jina langu limeishia njiani," Ngurumo akasema.

"Chaki iliisha, bwana."

"Mke wangu hatakuja. Anaumwa koo. Pepo nitamfanya mimi."

Mwenye Banda akakunja mikono kifuani. "Hebu."

Ngurumo akatazama huku na huku, akavuta ile pumzi ya tumboni, akatoa pepo wake. Mwenye Banda alisikiliza hadi mwisho kwa adabu, akajifuta shavu.

"Ndugu yangu, huyo pepo apelekwe zahanati, apewe dawa ya kikohozi. Sasa nisikilize. Watu wameshalipia. Pepo asipokuja, na wewe usisumbuke kuja. Wako wanaoitaka hiyo maiki."

"Nani?"

"Wapo."

Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akipanga maneno. Alianza na yenye heshima yake, akayaona hayafai. Akatafuta yenye heshima ya mkewe, akakuta hakuwa nayo akibani. Alipofika barazani alisema tu:

"Kuna kazi Jumamosi."

"Mm."

"Utakuja?"

Akatikisa kichwa kukubali. Sanduku likabaki palepale mlangoni.


Jumamosi alasiri banda lilijaa mpaka watu wakawa wanapumua kwa zamu. Bibi alikuja na kigoda chake, akakiweka kwenye njia ya kupita, ubavuni mwa benchi la mbele, na kusema atakayemruka atazaa chura. Fundi Friji alikuwa mbele, miundi inang'aa.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Msichana akacheza na mwanasesere, mbwa akabweka, mlango ukajifunga wenyewe. Pepo alipoongea mara ya kwanza, watu walishikana mikono bila kuangalia ni ya nani. Ngurumo alisogeza maiki na kuivuta, akasogeza na kuivuta. Kila akiisogeza alisikia banda zima likiinama mbele; kila akiivuta alilisikia likiegemea nyuma.

Padri akafika. Akafungua mkoba, akasimama miguuni pa kitanda. Hapa Ngurumo alitakiwa kumuuliza pepo jina lake, lakini mwanga wa skrini ulikuwa umeangukia ile miundi ya benchi la mbele.

"Wewe uliyemo ndani ya mwili huu!" akanguruma. "Sema! Sauti hiyo umepewa na nani?"

Mama Vifungo alimtazama. Kwenye skrini msichana alikuwa amefungwa kamba, midomo inacheza. Akaiinamia maiki.

"Sikupewa," akasema polepole, na baridi ikapita kwenye mabenchi. "Ni yangu. Nilikuja nayo nyumba hii, mkaiweka stoo."

"Aaah!" banda likaguna.

"Muongo! Taja jina lake! Huyo anayekuja kila mara, anayekuja na nguo!"

Padri wa skrini alikuwa ananyunyiza maji. Nguo haikuonekana popote.

"Nguo gani tena?" mtu akauliza nyuma.

"Suruali!" Padri akasema. "Suruali ya kijivu!"

Vichwa vikageuka, kimoja, vitatu, safu nzima. Fundi Friji akavuta miguu chini ya benchi.

Picha haikuwasubiri. Asubuhi ikafika kwenye lile jumba, mama mtu akaingia na sinia la chai, na kutoka kwenye mdomo wake mpole ikatoka sauti ya pepo:

"Wa suruali hanitaki mimi, ewe padri! Anataka maiki yako! Kila akija ananibembeleza nikwambie umwachie hata daktari, hata mbwa. Kila akiomba, nimekataa, na kila nikikataa nimekata. Ndiyo maana suruali imefika hapo ilipofika!"

Banda likapasuka kwa kicheko. Fundi Friji akasimama. "Mimi ni mtazamaji tu!"

"Keti, unaziba!" wakamwambia. "Lakini usikunje magoti, itachanika!"

Wivu wa mke ukamshuka Ngurumo ghafla kama homa iliyopata dawa, na wivu wa maiki ukampanda palepale kwa ngazi ileile. Wapo, alisema Mwenye Banda. Kumbe huyu! Akataka kuikamata maiki yake kwa mikono miwili, akakuta haimo. Ilikuwa mkononi mwa mkewe. Hakujua imetoka saa ngapi.

"Unaniuliza nimefundishwa na nani," pepo akaendelea. Kwenye skrini sasa daktari alikuwa amerudi, anaonyesha picha ya mifupa kwenye taa, na sauti ikamtoka yeye. "Nilipoolewa nilikuwa naimba nikishona, ukaniambia nipunguze, unafanya mazoezi. Nikapunguza. Nikaweka pini mdomoni, nikazoea. Kwenye kazi yako nikakuomba kiti. Kiti tu. Nakalia kreti mpaka alama za chupa ninalala nazo. Mtu wa majokofu kanisikia kwa filamu moja. Wewe unaninywesha maiki kila wiki kama dawa ya minyoo, na hujanisikia."

Hapakuwa na kicheko. Hata wale waliokuwa bado wanaamini ni filamu walikuwa wamenyamaza, maana daktari yule alionekana anaumia kweli.

"Mjibu, mwanangu!" Bibi akasema kutoka kwenye kigoda.

Lakini skrini ilikwisha fika kwenye usiku wa mwisho. Pazia zikapepea. Kitanda kikapanda hewani. Padri akainua mikono yote miwili, na kila mtu bandani akajikaza, kwa sababu walilijua neno. Jumamosi iliyopita Ngurumo alilitoa mpaka bati zikatikisika na vumbi la mwaka mzima likawaangukia vichwani.

Mama Vifungo akamsogezea maiki mdomoni bila kuiachia.

"Zamu yako, padri," akasema, kwa sauti ya chini ambayo maiki haikuichukua.

Ngurumo akafungua mdomo, ndipo akaliona neno lenyewe likija. Aliliona kama mtu anavyoliona lori akiwa katikati ya barabara. Akaliona na sanduku, lile la kule nyumbani mlangoni, kamba yake imefungwa upya. Mkewe alikuwa anamtazama machoni. Hakukuwa na kisasi katika macho yale. Alikuwa anasubiri tu kusikia, kama mtu aliyesimama dirishani kwa karani akingoja kuambiwa apite au arudi.

Kwenye skrini padri alikuwa amepanua mdomo, mishipa imemtoka shingoni, na hakuna kilichosikika ila spika ikivuma.

"Sauti!" wakapiga kelele nyuma.

"Mtafsiri kalala!"

"Sema toka! Sema toka!"

"Toka! Toka! Toka!" banda zima likaanza, miguu ikipiga sakafu. Ngurumo akatikisa kichwa, hapana, hapana. Benchi la mbele Fundi Friji, aliyeingojea nafasi hii tangu enzi za runinga ya kichogo, alisimama, akaweka viganja mdomoni, akavuta pumzi. "Mwacheni, nitasema mimi!" Bibi akanyoosha mkono kumvuta pindo la suruali. Alilikosa pale pindo la watu linapokuwa, akalipata karibu na goti, akavuta. Fundi akaketi na pumzi yake yote.

"Kaa," Ngurumo akasema.

Halikuwa na ngurumo hata kidogo. Maiki ililichukua hivyo hivyo, dogo, likagonga kuta za banda na kurudi.

"Kaa. Usitoke. Lile neno nilikosea."

Kwenye skrini dirisha likavunjika, upepo ukatoka, msichana akalegea kitandani na kufumba macho. Watu walikuwa wamekunja nyuso. Hawajawahi kuona padri wa namna hiyo. Walisubiri pepo ajibu, na pepo alichelewa, akachelewa, mpaka mtu mmoja akanong'ona kwamba huenda ameshakwenda.

Kisha ikasikika sauti ya mwanamke wa kawaida, fundi cherehani wa jirani, ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia kwenye spika.

"Basi sogea. Hicho kiti kinatosha wawili."


Nje, watu walimzunguka Fundi Friji. Leo hakuna aliyejifanya anafunga viatu. Wote waliangalia miundi yake waziwazi. Akapangusa miwani muda mrefu kuliko kawaida.

"Mwisho wameuharibu," akasema. "Padri gani anamwomba pepo akae? Kasomea wapi huyo? Padri wa wiki iliyopita alikuwa padri kweli, bati zilitikisika, mtu unasikia mwenyewe kwamba hapa kuna mamlaka. Huyu wa leo ni wa kubembeleza. Kashindwa mchana kweupe."

"Na pepo, Fundi?"

Akavaa miwani. "Pepo ni muongo."

Walicheka mpaka kuku wa jirani wakahama. Fundi Friji akainama, akavuta mapindo ya suruali chini, yakarudi juu.

"Lakini wiki ijayo nitakuja," akasema. "Kuhakikisha."

Nyuma ya pazia Ngurumo alikuwa amelisikia lile la bati. Ndiyo sifa yake ya kwanza kutoka kwenye kinywa kile, na ilikwenda kwa padri wa wiki iliyopita. Akamwonea wivu padri huyo, huyo huyo aliyekuwa yeye.

Mkewe alishika ncha moja ya waya, yeye akashika nyingine, wakawa wanaukunja wakikaribiana.

"Kuhusu leo hakusema kitu kizuri," Ngurumo akasema.

"Hakusema."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Wakakunja.

"Jioni unisaidie kurudisha sanduku uvunguni," Mama Vifungo akasema. "Ni zito."

Ngurumo alisikia hilo neno la mwisho likishuka ndani yake mpaka lilipofika chini. Akaitikia kwa kichwa. Walipobakiza waya wa urefu wa mkono, akakohoa.

"Huyo bwana akileta tena suruali yake..."

"Nimfukuze?"

"Hapana. Irefushe. Mtu mzima yule, anatia aibu."

"Haina shida. Vipande nilivyokata ninavyo vyote."

Waya ukasimama.

"Umevitunza vya nini?" Ngurumo akauliza.